Tusingoje Jeneza Ndipo Tuchange



Tunawaandikia katika miezi ambayo kila mkulima wa Mbozi, Ileje na Momba anaifahamu vizuri. Mvua inanyesha, mahindi bado ni mabichi shambani, na debe la mwisho la mavuno ya mwaka jana linakaribia kwisha. Kahawa haijaiva, itaanza kuchumwa kuelekea katikati ya mwaka. Sare na madaftari ya watoto yamekula fedha za Januari, na mbolea imekula zilizobaki. Wakati huo huo mbu wanazaliana, malaria inapanda, na wodi ya watoto inajaa. Ndiyo miezi ambayo Mama Kanisa anatuita pia katika Kwaresima, tufunge, tusali na kutoa sadaka. Tena tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993.

Kwa hiyo mwezi huu hatutaeleza ugonjwa mmoja na dawa yake kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Tunataka kusema neno juu ya ukarimu wetu na tumaini letu, kwa kuwa sisi wauguzi twauona ukarimu huo mahali ambapo wengine hawaufikii, yaani usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa. Neno lenyewe laweza kuwauma baadhi yenu. Hata sisi limetuuma.

MAMA MMOJA NA NDUGU ZAKE

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa mwezi kama huu, tulimpokea mama aliyejifungulia njiani. Aliletwa kwa pikipiki, ameshikiliwa na mama mkwe wake, na mtoto amefungwa ndani ya kitenge. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa inamwagika. Tulifanya yaliyotupasa: dripu, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, na daktari akalitoa kondo. Damu ilipungua, lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa nyingi mno. Alihitaji kuongezewa damu, na katika friji yetu hapakuwa na chupa hata moja ya kundi lake.

Tukawageukia ndugu. Mume alikuwa Tunduma akipakia mizigo kwenye malori. Walikuwapo kaka zake wawili waliofuata kwa pikipiki nyingine. Mmoja alisema hajala kitu tangu asubuhi na hawezi kutoa damu. Wa pili alisema anatoka kidogo kwenda kuwaita wengine, asirudi mpaka kulipokucha. Tukaanza kutafuta mafuta ya gari ili tumpeleke hospitali nyingine, na hapo pakawa na maneno ya nani atalipa. Alfajiri mama yule alifariki. Mtoto alipona.

Msidhani tunawasimulia haya ili kuwalaumu kaka wale. Friji ilikuwa tupu kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zimefungwa, na wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa, nasi hatukwenda kutafuta wachangiaji kwingine. Hata wengi wetu wauguzi tulikuwa hatujatoa damu tangu mwaka uliotangulia. Lawama hiyo tunaibeba.

Baada ya siku mbili tulikwenda msibani. Jumuiya ilikuwa imechanga vizuri sana. Jeneza lilikuwa la mbao nzuri lenye vipini vya kung'aa. Ng'ombe alichinjwa, magunia ya mahindi yaliletwa, sukari na mafuta ya kupikia havikukosekana, na lori lilikodiwa kuwaleta jamaa wa mbali. Daftari la michango lilikuwa limejaa majina. Nasi tulitoa bahasha yetu. Mwenzetu mmoja, alipokuwa akiandikisha jina la hospitali, aliipitisha macho orodha ile yote, akasema kwa sauti ndogo: "Watu wote hawa wana damu."

Neno hilo halijatutoka mpaka leo.

UKARIMU TUNAO, ILA UNACHELEWA

Watu husema kwamba siku hizi ukarimu umekwisha kwa sababu ya hali ngumu. Sisi hatukubali. Watu waliomzika mama yule walikuwa maskini, na miezi ilikuwa ile ile ya njaa, lakini walitoa. Wengine walikopa ili watoe. Maoni yetu ni kwamba tunachelewa. Mtu akiwa hai na anahitaji nauli, dawa au chupa mbili za damu, anaachiwa watu wa nyumbani mwake wahangaike peke yao. Akisha kufa, kijiji kizima kinasimama.

Sababu zake twazijua. Msiba ni jambo la wazi. Turubai limewambwa, daftari liko mezani, na asiyechangia atakumbukwa siku yake itakapofika. Tena kumzika mtu kwa heshima ni tendo la huruma, mojawapo ya matendo yale saba ya huruma ya kimwili tuliyofundishwa katika katekisimu. Hatusemi watu waache kuzikana. Lakini katika orodha hiyo hiyo yapo pia kuwatazama wagonjwa, kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu na kuwakaribisha wageni. Imekuwaje basi tendo moja tumelijengea daftari, mweka hazina na kamati, na mengine tumeyaacha yategemee huruma ya mtu mmoja mmoja?

Ugonjwa ni jambo la siri. Mgonjwa huona aibu kusema hana fedha. Jirani huogopa kuuliza asije akaonekana mchunguzi. Wengine huchelea kutoa kwa mgonjwa kwa sababu hawajui kama atapona, lakini kwa maiti hakuna wasiwasi, kila senti inafanya kazi iliyotolewa. Ni fikra ya kusikitisha, lakini tumeisikia kwa masikio yetu.

"TUMWACHIE MUNGU"

Maneno haya huyasikia kila siku anayefanya kazi hospitali: "Sista, sisi tunamwachia Mungu." Yakisemwa na mtu aliyekwisha kufanya yote awezayo, ni maneno matakatifu, na mara nyingi tumeyasema nasi tukiwa tumeshika mkono wa anayekata roho. Lakini mara nyingine husemwa mapema, kabla ya mtu kufungua mfuko au kunyosha mkono. Hapo hatuyaiti tena tumaini. Tunamtwisha Mungu mzigo aliotukabidhi sisi.

Mkumbukeni mjane wa Sarepta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ulikuwa wakati wa ukame. Alibakiwa na unga kiasi cha konzi na mafuta kidogo, naye alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Nabii Eliya akamwomba chakula. Mjane yule hakungoja kwanza gunia lijae ndipo atoe. Alitoa, na unga haukuisha. Tumaini lake lilionekana mikononi mwake, mle kwenye unga.

Na watu wetu wanajua kutoa kwa ajili ya tumaini. Mnakumbuka mwaka 2011, habari za kikombe cha Loliondo zilipoenea nchi nzima? Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 tu, lakini safari ya kufika kijiji cha Samunge iliwagharimu watu mara nyingi zaidi ya hapo. Wagonjwa walisafiri kutoka kila pembe ya nchi, na wako waliofia njiani na kwenye foleni. Hatukuitaja habari hiyo ili kumcheka mtu, maana mgonjwa hushika lolote. Tunauliza tu: nauli zile zilipatikana wapi? Zilichangwa. Basi uwezo wa kumchangia mgonjwa akiwa hai tunao.

MSAMARIA KATIKA BARABARA YETU

Sisi wa mkoa wa Songwe tunaishi kando ya barabara, kama ile ya kutoka Yerusalemu kushuka Yeriko. Barabara kuu iendayo Zambia inapita Mlowo, Vwawa na kuishia Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Tunduma malori hupanga foleni ndefu, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa mwezi Oktoba 2019. Shilingi na kwacha hubadilishwa barabarani mchana kutwa, na lugha za Kongo, Zambia na Malawi zinasikika katika kila kibanda cha chai.

Katika mji kama huo majeruhi na mgonjwa asiye na ndugu si jambo geni. Ninyi mnajua desturi ya hospitali zetu: uji, chakula, sabuni na shuka la kubadilisha huletwa na jamaa. Dereva wa lori aliyelazwa mbali na kwao hana wa kumletea. Kijana mbeba mizigo aliyetoka mkoa mwingine, naye hana. Vivyo hivyo binti wa kazi za ndani aliyefukuzwa alipoanza kukohoa.

Msamaria wa Injili ya Luka tunamsifu kwa huruma, lakini sisi wauguzi tunamsifu pia kwa utaratibu wake. Kwanza alitibu majeraha kwa alivyokuwa navyo, mafuta na divai. Pili alitoa usafiri, mnyama wake mwenyewe, yeye akatembea. Tatu alimlaza mahali pa kutunzwa, akakesha naye. Nne alilipa dinari mbili mapema na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi. Huduma ya kwanza, usafiri, kulazwa, malipo: hakuna kilichosahauliwa. Na yote aliyafanya mtu yule akiwa hai, tena mgeni asiyemjua. Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, alitenga sura nzima kwa Msamaria huyo, akitufundisha kwamba mbele ya mtu anayeteseka hatuna ruhusa ya kupita upande wa pili.

DAMU NI SADAKA YA ASIYE NA FEDHA

Labda msomaji atasema: "Mimi sina hata shilingi, nitatoa nini?" Ndugu yetu, kama u mzima wa afya, unacho kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote la Tunduma.

Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu tu. Mtu mzima ana kadiri ya lita 5, na anayechangia hutolewa mililita 450 hivi, yaani chini ya nusu lita. Maji yake hurudi mwilini kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hujengwa upya kwa wiki chache. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe mzima na awe amekula. Kwanza hupimwa wingi wa damu na msukumo wake. Wanaume waweza kutoa kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Hapana, hunenepi wala hukondi kwa kutoa damu, na nguvu za kiume haziendi popote.

Hofu kubwa tunaijua. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na wengi hawaogopi sindano bali majibu. Kwa woga huo tunasema mambo mawili. Majibu ni siri yako. Na ukikutwa na tatizo, umelijua mapema ungali na nguvu. Sisi tuliofanya kazi katika miaka ya 1990, wakati hatukuwa na dawa za kufubaza virusi, tuliwafunga macho vijana wengi mno. Leo anayejua hali yake na kumeza dawa kila siku anaweza kuishi na kulea wanawe hadi waoe. Anayekimbia kupima anaikimbia dawa yake.

Kuna jambo moja zaidi. Chupa ya damu haikai kwenye friji zaidi ya wiki 5 au 6. Ni kama mana ya jangwani, ambayo aliyeilimbikiza aliikuta imeharibika. Kwa sababu hiyo haitoshi watu kutoa kwa wingi siku moja ya sherehe, kisha kimya. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004 ili mgonjwa asitegemee ndugu waliofuatana naye usiku, lakini mpango hauna mishipa. Mishipa ni yenu na yetu.

TUSIWANGOJE WATU WA MBALI

Kwa miaka mingi hospitali za misheni zilipata mashuka, dawa na vitanda kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, hata waamini wakazoea kufikiri kwamba hospitali ya misheni ina baba Ulaya. Baba huyo amezeeka. Parokia nyingi zilizotuma misaada zina waamini wachache leo. Kisha Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwa muda mfupi watu wetu waliona jinsi huduma iliyosimama kwa fedha ya mbali inavyoweza kutikisika kwa siku moja. Katika nchi yetu wako watumishi waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI majumbani ambao walikosa ajira.

Twawashukuru wote waliotusaidia na wanaotusaidia, na Mungu awalipe. Lakini tumaini letu lisiwekwe kwao. Lipo kwa Mungu, na Mungu hupenda kutumia mikono iliyo karibu.

TUFANYE NINI?

Tunaleta mapendekezo machache, nasi twaomba yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA, UWAKA na VIWAWA, kila mahali kwa kadiri ya hali yake.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la wagonjwa, kama lilivyo la misiba. Mnapokutana kila wiki kusali, kila nyumba itoe kidogo, hata kopo la mahindi au maharage wakati wa mavuno. Watunzaji wawe watatu wasio wa ukoo mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Fedha hiyo iwe ya nauli ya mgonjwa, vipimo na dawa, itolewe bila kungoja kikao, maana kutoka damu hakungoji kikao.

Pili, liwepo jina la kila mwenye afya aliye tayari kutoa damu, na kundi lake. Waende wachache wachache kwa zamu mwaka mzima, hasa miezi shule zikiwa zimefungwa. Nasi wauguzi tutaanza na majina yetu.

Tatu, mama mjamzito akifikia mwezi wa nane, jumuiya yake ijue mambo matatu: nani atampeleka, kwa chombo gani, na nani watatoa damu ikihitajika. Mume asiachwe kujibu haya peke yake saa nane za usiku.

Nne, tupunguze mapambo ya msiba. Jeneza la kawaida linamtosha mkristo. Kinachobaki kiingie katika daftari la wagonjwa kwa jina la marehemu. Hakuna misa ya kumwombea itakayopungua thamani kwa sababu ng'ombe hakuchinjwa.

Tano, mwenye uwezo ajiunge na bima ya afya. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima ni kuchangiana kabla ya ugonjwa, jambo lile lile tunalolisema hapa.

Na parokia zilizo kando ya barabara zimkumbuke mgonjwa asiye na jamaa. Chupa moja ya uji na kipande cha sabuni, kwa zamu ya nyumba mbili kwa siku, si mzigo.

Hatusemi mzazi mwenye mtoto mwenye njaa ampokonye sahani ili ampe mwingine. Twasema kila mmoja atoe alichonacho kabla hakijawa bure.

NENO LA MWISHO

Mtoto yule aliyeletwa ndani ya kitenge alilelewa na bibi yake. Tulimwona kliniki mwezi baada ya mwezi, akipimwa uzito, akichanjwa, akianza kutambaa. Sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi, na bibi huja naye akipata homa.

Miezi michache baada ya msiba, yule kaka aliyetoka kwenda kuwaita wengine alikuja asubuhi, amekunywa chai, akakaa kwenye benchi la maabara. Hakusema sana, nasi hatukumwuliza. Alinyosha mkono, akatolewa damu, akapewa soda, akaondoka. Jioni ile chupa yake ilimwingia mtoto mmoja wa Momba aliyekuwa amekwisha damu kwa malaria. Mtoto alipona. Kaka yule hajui alimpa nani, wala mama wa mtoto hajui ni nani aliyempa.

Tangu hapo huja karibu kila mwaka. Tunapomwona mlangoni twamwambia, "Karibu, baba," naye huuliza swali moja tu: kama safari hii friji ina kitu.

Kwaresima hii, ndugu zetu, tumpe jibu zuri.